Upana, Unene na Tabaka: Maneno ya Vipimo katika Uchoraji wa Bodi za Saketi

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno ya ufundi wa kisasa, na dawa inayotolewa ni kubuni maneno mapya. Yako mambo ya ufundi, hata hivyo, ambayo maneno yake yamo katika lugha tangu zamani, na upungufu uko mahali pengine: neno moja hubebeshwa vipimo viwili, au kipimo kimoja huitwa kwa majina matatu. Mfano mmoja ni kazi ya kuchora bodi ya saketi, yaani kile kibao, aghalabu cha rangi ya kijani, kilichomo ndani ya redio, simu, mita ya LUKU, na chombo cha kudhibiti chaji ya nguvu ya jua. Mchoraji wa bodi hukabiliwa na maswali mawili makubwa: kila njia ya umeme iwe na upana gani, na ipitishwe katika tabaka lipi. Maswali haya ni ya hesabu na ya fizikia. Lakini kabla hayajafika kwenye hesabu hupita katika lugha, na huko ndiko yanakoweza kuharibika.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, tangu Mwananyamala na Tandale upande wa Kinondoni hata Tandika na Mbagala upande wa Temeke, kazi ya kutengeneza vyombo vya umeme huendeshwa kwa Kiswahili. Fundi humfundisha mwanafunzi wake kwa Kiswahili, na mteja hueleza ubovu wa chombo chake kwa Kiswahili. Walakini programu ya kompyuta inayotumiwa kuchorea bodi, na karatasi za kiwanda kitakachoitengeneza, huandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali za Tanzania bara, na Kiingereza kikabaki katika sekondari na vyuo vikuu. Basi yupo mhandisi aliyejifunza kanuni ya upana wa njia kwa Kiingereza, na yupo fundi aijuaye shaba kwa mikono yake. Katika chuo cha ufundi kama kile cha VETA cha Chang'ombe, au karibu na ofisi za Tume ya Sayansi na Teknolojia huko Kijitonyama, mahali panapojulikana na watu kwa jina la Sayansi, watu wa namna hizi mbili waweza kukutana katika kazi moja. Lugha watakayoitumia ni Kiswahili, na ni lazima kiweze kuwabebea vipimo bila ya kuvimwaga njiani.

Asili ya kitu na jina lake

Zamani sehemu za redio ziliunganishwa kwa nyaya, waya mmoja mmoja ukilehemiwa kwa mkono. Mtu anayetajwa zaidi katika kubadili desturi hiyo ni Paul Eisler, mhandisi aliyezaliwa Vienna mwaka 1907 na kuhamia Uingereza mwaka 1936. Aliunda redio ambayo njia zake za umeme hazikuwa nyaya bali karatasi ya shaba iliyobandikwa juu ya kibao, na mwaka 1943 akaomba hataza za uvumbuzi wake. Fikira hiyo aliichukua katika kazi ya wapiga chapa, na kwa sababu hii Kiingereza huiita saketi iliyopigwa chapa. Kiswahili nacho kina neno chapa, lililotoka Kihindi, likahusu alama, muhuri na kazi ya matbaa. Hata hivyo mafundi hawakulitwaa katika jambo hili. Wao husema bodi. Neno bodi lina kazi nyingine, kwani iko bodi ya gari na iko bodi ya wakurugenzi, lakini muktadha huzitenga na hapana aliyewahi kuzikosea. Kwa hivi bodi ya saketi ni jina linalotosha.

Ili kufahamu vipimo vyake, yafaa kujua jinsi bodi inavyotengenezwa. Kiwanda huchukua kibao kilichofumwa kwa nyuzi za kioo na kugandamizwa kwa gundi ngumu, ambacho aghalabu unene wake ni milimita 1.6, na juu yake hubandikwa karatasi ya shaba. Mchoro wa njia huhamishiwa juu ya shaba hiyo. Kiwandani hutumiwa mwanga. Katika karakana ndogo mchoro hupigwa kwa wino wa printa ya leza na kuhamishwa kwa joto la pasi ya nguo. Kisha shaba isiyofunikwa huliwa na dawa, kwa mfano kloridi ya feri, na iliyofunikwa hubaki. Kilichobaki ndicho njia.

Katika habari hii lipo jambo moja la kushikwa vizuri. Mchoraji haongezi shaba. Huchagua tu ile itakayobaki. Unene wa shaba umekwisha kuamuliwa siku karatasi ilipobandikwa, nao ni mmoja kwa bodi nzima. Upana ndio ulio katika uwezo wake, na aweza kuubadili njia kwa njia. Hivyo upana na unene ni vipimo viwili vya watu wawili: mmoja ni wa mchoraji, mwingine ni wa kiwanda.

Neno njia na majirani zake

Katika mazungumzo ya kazi chaweza kusikika mstari, uzi, waya au njia, vyote kwa maana moja. Mstari haufai sana, maana katika hesabu mstari una urefu bila ya upana, na hapa upana ndio shabaha ya maneno yote. Uzi na waya huleta sura ya kitu cha mviringo, ambacho kipimo chake ni kipenyo tu. Njia ndilo neno bora, kwa kuwa Mswahili amezoea kusema njia pana na njia nyembamba, na tena amezoea kwamba njia hupitiwa na kitu. Hapa kipitacho ni mkondo wa umeme.

Udhaifu unaotokana na waya si mdogo. Fundi wa nyumba hununua waya wa 1.5 kwa taa na wa 2.5 kwa soketi. Namba hizo si kipenyo wala upana, bali ni eneo la mkato wa shaba, kwa milimita za mraba. Fundi huyo akihamia kwenye bodi na kuona njia yenye upana wa milimita 2.5, ni rahisi kwake kudhani kwamba ameona kitu kilicho sawa na waya wa soketi. Lakini shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa mikroni 35, yaani milimita 0.035, na eneo la mkato wa njia hiyo ni milimita za mraba 0.0875 tu. Waya wa soketi una shaba karibu mara 29 zaidi. Namba ni moja, lakini hazipimi kitu kimoja.

Pana, nene na embamba

Tatizo kubwa zaidi limo katika vivumishi. Kiswahili hutenganisha vizuri -pana na -nene. Njia ni pana, karatasi ni nene, mtu ni mnene, mto ni mpana. Hapana asemaye kwamba mtu ni mpana akikusudia unene wake. Lakini ukigeuza upande wa pili, tofauti hiyo hutoweka. Kinyume cha njia pana ni njia nyembamba. Kinyume cha karatasi nene ni karatasi nyembamba. Kinyume cha mtu mnene ni mtu mwembamba. Katika upande wa ukubwa lugha imetenga vipimo viwili, na katika upande wa udogo imeacha neno moja livitumikie vyote viwili.

Hii si kasoro. Kila lugha ina mahali inapotofautisha na mahali isipojali, na kwa mahitaji ya nyumbani na shambani -embamba limetosha kwa karne nyingi. Lakini tazama litakalotokea karakanani. Bodi ya chombo cha kudhibiti chaji imeungua, na fundi anaandika kwamba njia ya betri ni nyembamba. Msomaji wake aweza kufahamu kwamba upana ni mdogo, basi mchoro urudiwe na njia ipanuliwe. Aweza pia kufahamu kwamba shaba yenyewe ni chembamba ya kiwango, basi kiwanda kiagizwe shaba ya unene maradufu, kwa bei kubwa zaidi, na mchoro ubaki ulivyo. Maana zote mbili ni sahihi katika Kiswahili, nazo zaongoza katika kazi mbili mbalimbali na gharama mbili mbalimbali.

Kuna tiba ya tatu inayopendwa na watengenezaji, nayo ni kuifunika njia kwa lehemu ili iwe nene. Hapa pia neno hudanganya, kwa sababu unene wa lehemu si unene wa shaba. Lehemu ya bati na risasi hukinza umeme karibu mara 8 kuliko shaba. Ili lehemu ilingane na shaba ya mikroni 35 iliyo chini yake, sharti iwe na kimo cha milimita 0.3 hivi kutoka mwanzo wa njia hata mwisho. Kipande cha waya wa shaba wa 1.5 kikilehemiwa juu ya njia hufanya kazi kubwa zaidi kuliko lehemu tupu.

Dawa ya utata huu haihitaji neno jipya. Kiswahili kina kivumishi finyu, jamaa wa kitenzi finya, nalo husemwa juu ya mahali palipobanwa kutoka pande zake: nafasi finyu, mlango finyu. Halisemwi juu ya karatasi wala juu ya shuka. Basi njia yenye upana mdogo na iitwe njia finyu, na -embamba liachiwe shaba yenye unene mdogo. Hapo -pana litakuwa na kinyume chake, na -nene litakuwa na kinyume chake.

Upana huchaguliwaje

Umeme upitapo katika shaba hukinzwa, na ukinzani hutoa joto. Joto likitoka polepole kuliko linavyozaliwa, njia huzidi kupata moto. Kwa hivi upana hauchaguliwi kwa macho, bali kwa kuuliza: mkondo ni ampea ngapi, na njia iruhusiwe kupanda nyuzi joto ngapi juu ya hewa iliyo karibu nayo.

Kanuni iliyotumika zaidi ni ile ya shirika la IPC, lililoanzishwa Marekani mwaka 1957, na iliyotokana na vipimo vilivyochukuliwa huko katika miaka ya 1950. Kwa shaba ya mikroni 35, njia ikiwa nje ya bodi na ikaruhusiwa kupanda nyuzi joto 10 za Selsiasi, kanuni hutoa upana wa milimita 0.30 kwa ampea 1, milimita 0.78 kwa ampea 2, na milimita 2.8 hivi kwa ampea 5. Yafaa iangaliwe kwamba mkondo ukiongezeka mara 5, upana haukuongezeka mara 5 bali zaidi ya mara 9. Sababu ni kwamba joto hukua kwa mraba wa mkondo, ilhali uso unaotoa joto haukui upesi hivyo. Shaba ikiwa na unene wa mikroni 70, upana huo waweza kupunguzwa nusu, maana kanuni huhesabu eneo la mkato, yaani upana mara unene. Hapa ndipo kuchanganya maneno hayo mawili kunapoharibu hesabu nzima.

Tena joto si hoja pekee. Njia ya milimita 0.30 yenye urefu wa milimita 100 ina ukinzani wa omu 0.16 hivi. Ampea 1 ikipita humo, volti 0.16 hupotea njiani. Katika chombo cha volti 12 hasara hiyo ni ndogo; katika saketi ya volti 3.3 ni karibu sehemu 5 katika 100, na yaweza kuifanya kompyuta ndogo iliyomo izime bila ya sababu inayoonekana. Njia haikuungua wala haikupata moto wa kuhisika, walakini ilikuwa finyu mno kwa kazi yake.

Na ile hewa iliyo karibu ina neno lake. Dar es Salaam katika miezi ya joto hufika nyuzi 31 au 32 kivulini, na kisanduku kilichotundikwa chini ya bati bila ya matundu ya hewa huwa na joto kubwa zaidi ya hilo. Nyuzi 10 za kanuni huongezwa juu ya joto la kisanduku, si juu ya joto la kivulini. Mchoraji wa Mbagala hana budi kuanza hesabu yake mahali bodi itakapoishi.

Wakia, mili na elfu ya inchi

Viwanda vingi havitaji unene wa shaba kwa mikroni, bali kwa aunsi. Jambo hili huwashangaza wanaojifunza, kwani aunsi ni kipimo cha uzito. Maana yake ni shaba yenye uzito wa aunsi moja ikiwa imetandazwa sawasawa juu ya futi moja ya mraba. Hapo unene wake huwa karibu mikroni 35. Kiswahili cha pwani kilikuwa na jina la uzito huo muda mrefu kabla ya bodi kuvumbuliwa, nalo ni wakia, iliyokuwa karibu na uzito wa riale moja ya fedha, na wakia 16 zikifanya ratili. Shaba ya wakia moja ni usemi wa Kiswahili safi. Lakini sharti uambatane na mikroni zake, ama sivyo msikiaji atadhani kwamba bodi nzima ndiyo yenye uzito wa wakia moja.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote imo katika silabi mbili. Programu nyingi za kuchorea hupima upana na nafasi kwa kipimo kiitwacho mil, nacho ni sehemu moja katika elfu ya inchi, yaani milimita 0.0254. Mafundi wa vioo na wa mbao za viwandani, kwa upande wao, hukata neno milimita na kusema mili: kioo cha mili 5, ubao wa mili 18. Mil ya programu ikisemwa kwa ulimi wa Kiswahili hupata irabu mwishoni, nayo huwa mili. Maneno mawili yamekuwa moja, na kati ya maana zake pana tofauti ya karibu mara 40.

Katika upana wa njia kosa hili huonekana mapema, kwa kuwa njia ya milimita 12 mahali pa sehemu 12 za elfu ya inchi haiingii katika bodi. Katika nafasi iliyo kati ya njia na njia laweza kujificha. Sehemu 6 za elfu ya inchi, yaani milimita 0.15, ni nafasi ya kawaida kati ya njia za umeme mdogo, na viwanda vingi huweza kuitengeneza. Milimita 6 au zaidi ni nafasi itumiwayo aghalabu kutenga umeme wa ukutani wa volti 230 na upande unaoguswa na mtu. Mtu akiagiza mili 6 akikusudia milimita, na mwingine akaandika 6 katika programu inayohesabu kwa elfu ya inchi, bodi itatoka kiwandani nzuri machoni, na itawaka ikijaribiwa. Nafasi hiyo ya milimita 0.15 itakuwa ndiyo ukuta pekee kati ya mtumiaji na mauti, na katika mji wa pwani, penye unyevu na vumbi la chumvi, ukuta huo haudumu. Kwa hivi yapasa neno mili liachwe kabisa katika maandishi ya bodi. Milimita iandikwe kwa ukamilifu, na kile kipimo kingine kiitwe elfu ya inchi.

Upande na tabaka

Neno tabaka limetoka Kiarabu, nalo huhusu kitu kilichotandazwa juu ya kingine: tabaka la udongo, matabaka ya watu. Kwa shaba za bodi linafaa sana. Shida ni kwamba hushindana na upande. Bodi yenye shaba juu na chini huitwa bodi ya pande mbili, na hapo hapana ubaya, kwani pande ni mbili na matabaka ya shaba ni mawili. Lakini bodi ya simu yaweza kuwa na matabaka manane, kumi au zaidi, na bado pande zake ni mbili tu. Mengine yote yamo ndani, hayaonekani. Fundi asiyetenga maneno haya ataitazama bodi pande zote mbili, aone nafasi isiyo na njia, na kuitoboa ili apitishe parafujo au waya. Tundu lake litapita katika tabaka la ndani la umeme na tabaka la ndani la ardhi, na kuyagusanisha. Basi upande ni kionekanacho kwa macho. Tabaka ni kihesabiwacho katika mchoro. Na katika kuhesabu ni vyema kusema matabaka manne ya shaba, maana kati ya hayo manne yamo matatu ya kibao kisichopitisha umeme, na tabaka peke yake halielezi ni la kitu gani.

Njia huvuka kutoka tabaka moja hata jingine kwa tundu lililopakwa shaba ndani. Kiingereza huliita kwa neno la Kilatini lenye maana ya njia. Kiswahili kina neno bora, nalo ni kivuko, ambalo kila mkazi wa Temeke aliyevuka kwenda Kigamboni analifahamu. Kivuko nacho kina kipimo. Tundu la kipenyo cha milimita 0.3, lililopakwa shaba ya mikroni 25, lina eneo la mkato la milimita za mraba 0.024 hivi, zaidi kidogo ya mara mbili ya njia ya milimita 0.30. Kwa hivi mkondo wa ampea 5 haupitishwi katika kivuko kimoja. Huwekewa vivuko kadhaa, kandokando.

Tabaka lichaguliwalo hubadili upana unaohitajika. Kanuni ya zamani ya IPC ilidhani kwamba njia ya ndani, kwa kuwa haiguswi na hewa, huweza kubeba nusu tu ya mkondo wa njia ya nje. Kwa dhana hiyo ampea 1 huhitaji milimita 0.78 ndani, mahali pa milimita 0.30 nje. Vipimo vipya vilivyotolewa mwaka 2009 vilionyesha kwamba tahadhari hiyo ilizidi kiasi, maana kibao cha nyuzi za kioo huchukua joto vizuri kuliko hewa iliyotulia, na tabaka pana la shaba lililo jirani husaidia sana kulisambaza. Wengi wangali wakitumia kanuni ya zamani kwa usalama, mahali pa kutosha panapopatikana.

Tena umeme hauendi tu, bali hurudi, na njia yake ya kurudi ndiyo iitwayo ardhi. Neno hili ni sahihi, lakini limerithi maana ya nondo iliyochimbiwa nje ya nyumba. Ardhi ya bodi ya chombo cha betri haigusani na udongo kamwe. Ni shaba ya pamoja ambamo mikondo yote hurejea. Yafaa kusema ardhi ya bodi na ardhi ya nyumba, kila moja kwa jina lake. Mkondo unaobadilika upesi hupenda kurudi moja kwa moja chini ya njia uliyoiendea. Tabaka la ardhi likikatwa na njia nyingine, mkondo huo hulazimika kuzunguka, na mzunguko huo hugeuka kuwa antena inayotoa na kupokea makelele ya redio. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuongeza matabaka: si kupata nafasi tu, bali kuipa ardhi tabaka lake zima lisilokatwa.

Mfano mmoja

Chukua chombo cha kudhibiti chaji ya nguvu ya jua, chenye mkondo wa ampea 5 kwenda betri, kompyuta ndogo ya volti 3.3, na redio ndogo ya kupeleka habari kwenye simu. Njia zake ni za namna tatu. Njia ya betri huhitaji upana wa milimita 2.8 au zaidi, nje ya bodi, mbali na sehemu zinazochukia joto. Njia za ishara hubeba mkondo mdogo sana. Hizo zaweza kuwa finyu kama kiwanda kiwezavyo, mathalani milimita 0.15, au milimita 0.5 kama bodi itatengenezwa kwa pasi karakanani. Njia ya antena ni kitu kingine kabisa. Upana wake haufuati joto, bali hufuata umbali uliopo kati yake na tabaka la ardhi, ili mawimbi yakute ukinzani wa omu 50. Katika bodi ya matabaka mawili yenye unene wa milimita 1.6, upana huo ni karibu milimita 3. Katika bodi ya matabaka manne, ambapo ardhi iko milimita 0.2 tu chini yake, ni karibu milimita 0.4. Kuipanua zaidi hakuiboreshi, bali huiharibu.

Hapo huonekana kwamba maswali mawili yaliyotajwa mwanzoni ni swali moja. Upana hauwezi kujibiwa kabla ya kujua tabaka, na tabaka halichaguliwi kabla ya kujua upana utakaoingia. Anayesema njia iwe pana hajasema kitu bado. Asemaye njia ya betri, tabaka la juu, upana milimita 2.8, shaba mikroni 35, amesema yote.

Kazi ya watunga kamusi

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa likisanifu istilahi tangu mwaka 1967. Kazi hizo zimelipa kila wazo jina. Lakini istilahi za vipimo haziridhiki na jina. Chini ya neno upana pangefaa paandikwe kwamba katika bodi hupimwa kwa milimita na huamuliwa na mchoraji. Chini ya unene, kwamba hupimwa kwa mikroni na huamuliwa na karatasi ya shaba. Chini ya finyu na -embamba, ni kipi kinyume cha kipi. Na chini ya mili, onyo. Maneno haya hayahitaji kubuniwa wala kukopwa. Yanahitaji kuorodheshwa pamoja na vipimo vyao, na kupelekwa Chang'ombe na Mbagala kabla hayajachapwa, ili mafundi watakaoyatumia wayapime kwanza kwa kazi zao wenyewe. Mwanafunzi akipewa karatasi iliyoandikwa nafasi milimita 6, iwe na njia moja tu ya kuisoma.